Simu ya kesho ipimwe kwa bisibisi

Betri ilikuwa imevimba kama andazi. Mfuniko wa nyuma wa simu ya mama ulikuwa umeinuka upande mmoja, ukiiweka mezani inayumba, na yeye wiki nzima alikuwa akiibana kwa raba bendi akidhani ni kava ndilo limechoka. Nilimnyang'anya siku hiyo hiyo, nikaenda nayo Kariakoo kwa fundi mmoja mwenye meza yake barazani, karibu na Mtaa wa Aggrey. Hakuuliza ni simu ya kampuni gani. Aliibonyeza kidogo kwa kidole gumba, akaizima, akaniambia, "Kaka, hii si ya kulala nayo kitandani."

Nilikaa kwenye stuli nikamtazama. Alipuliza hewa ya moto kuzunguka kingo zote, akasubiri, akapuliza tena, kisha akapenyeza kona ya kadi ya benki iliyokwisha muda wake kati ya mfuniko na fremu. Gundi ikawa inavutika kama jojo. Kila sentimita aliyoipata aliilinda kwa kuchomeka kipande cha plastiki ili isishike tena. Jasho lilikuwa linamtoka, maana joto likizidi kioo cha mbele kinakufa, na ncha ikipotea njia inatoboa betri, na betri iliyotobolewa huwaka. Ilimchukua dakika 25 kufika ndani. Alipofika, alichomoa kiunganishi kidogo kama ukucha wa mtoto, akaing'oa betri mbovu, akachomeka nyingine. Dakika mbili. Halafu gundi tena, raba bendi tena, nusu saa ya kusubiri ishike. Nikalipa shilingi 25,000.

Hesabu ile imenikaa kichwani: dakika 25 za kupigana na gundi, dakika mbili za kazi yenyewe. Kila nikisoma habari za simu mpya iliyozinduliwa huko duniani, yenye kamera kali zaidi na chipu ya kasi zaidi, inanirudia. Tumezoea kuyapima maendeleo ya simu kwa vipimo walivyotuchagulia wauzaji. Mimi nadhani, kwa mtu anayenunua simu kwa akiba ya miezi kadhaa, vipimo viwili vinatangulia vyote: simu hii itanifaa miaka mingapi, na siku ikigoma, nani ana uwezo na ruhusa ya kuifungua.

Wengi wetu tulianza na kitochi. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, na ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ilikuwa na tochi kwa ajili ya giza, na vitufe vilivyofunikwa kwa mpira ili vumbi lisiingie. Nyuma yake ulisukuma kwa kidole gumba, mfuniko ukateleza, betri ukaitoa kwa kucha. Ikifa, ulikwenda duka lolote ukataja herufi zake, BL-5C, ukapewa nyingine. Betri hiyo mpaka leo inauzwa mitaani, kwa sababu redio ndogo za sokoni zimeundwa kuitumia. Simu yenyewe imepita, betri yake bado inaishi kwenye redio ya mlinzi wa usiku. Hicho ndicho kinachotokea kifaa kinapotengenezwa kwa kipimo ambacho kila mtu anakijua.

Simu janja haikuanza na Apple, ingawa wengi husimulia hivyo. Mwaka 1994 kampuni ya IBM iliuza nchini Marekani simu iitwayo Simon, yenye kioo cha kugusa, kalenda, barua pepe na faksi. Ilikuwa na uzito wa karibu nusu kilo, na betri yake ilimudu takribani saa moja ya mazungumzo. Nokia nao wakaja na Communicator mwaka 1996, iliyofunguka kama kitabu na kuonyesha kibodi ndani. Zilikuwa simu za wakubwa wa ofisi, zikapita bila mtu wa kawaida kuzigusa.

Mwaka ninaoutazama kwa makini ni 2007, kwa sababu yalitokea mambo mawili ndani ya miezi miwili. Tarehe 9 Januari, pale San Francisco, Steve Jobs aliionyesha dunia iPhone. Tarehe 6 Machi, jijini Nairobi, Safaricom ilizindua M-Pesa. La kwanza lilibadilisha umbo la simu duniani kote. La pili halikuhitaji kioo cha kugusa wala intaneti; lilikaa ndani ya laini, kwenye menyu ya maandishi, na lilifanya kazi kwenye kitochi kile kile. Mwaka uliofuata huduma hiyo ikawa imevuka mpaka kuingia Tanzania kupitia Vodacom.

Nikiulizwa simu ilianza lini kuwa janja Afrika Mashariki, nitasema ilianza siku mama wa kijijini alipopokea ada ya mtoto kwenye simu ya tochi na kwenda kuitoa kwa wakala. Kioo kilikuja baadaye. Na jambo hilo linafundisha kitu ambacho wahandisi wa mbali huchelewa kukiona: thamani ya simu iko katika shughuli inayopita ndani yake, na shughuli hiyo inataka simu iwepo na iwake kila siku, mwaka hadi mwaka. Simu ikizima, imezima pochi, duka na kitambulisho kwa pamoja.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Simu ya kwanza ya Android ilitoka mwaka 2008. Mwaka 2011 Huawei IDEOS ilikuwa ikiuzwa Kenya kwa bei iliyozunguka shilingi 8,000 za huko, na kwa mara ya kwanza kijana wa chuo aliweza kushika simu ya kupapasa bila kuuza ng'ombe wa baba yake. Kisha wakaja Transsion wa Shenzhen na chapa zao tatu, Tecno, itel na Infinix. Hawa nawapa heshima yao. Walikuja wakatazama jinsi tunavyoishi. Waliona kwamba mtu mmoja ana laini mbili au tatu kwa sababu anawinda bando la bei nafuu, wakaweka nafasi ya laini mbili kabla wakubwa hawajaona haja hiyo. Waliona umeme unakatika, wakaweka betri kubwa. Waliona kamera za wengine zinageuza sura zetu kuwa kivuli chenye meno, wakairekebisha kamera isome ngozi nyeusi. Aliyesikiliza ndiye aliyeuza.

Lakini wakati yote hayo yanaongezeka, kuna kitu kilikuwa kinaondolewa taratibu.

iPhone ya kwanza ilikuja na betri iliyochomelewa ndani kwa lehemu. Wengine walicheka, kisha wakafuata. Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 bado ilikuwa na mfuniko unaobanduka kwa kucha. Galaxy S6 ya mwaka 2015 ikaja imefungwa kwa gundi, kioo mbele na kioo nyuma. Sababu zilizotolewa zina ukweli ndani yake. Gundi inaruhusu simu kuwa nyembamba, na inazuia maji. Mimi mwenyewe nimewahi kuangusha simu kwenye ndoo nikaiokota inalia vizuri, na sikuichukia gundi siku ile. Ila Galaxy S5 hiyo hiyo, yenye betri ya kutolewa kwa mkono, ilikuwa imethibitishwa kuvumilia kuzama kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Kuzuia maji na kufunguka viliwezekana pamoja. Walioviachanisha walichagua kufanya hivyo.

Na betri, tofauti na chipu, inazeeka. Hilo liko katika maumbile yake. Betri ya lithiamu, ambayo waasisi wake watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, hufanya kazi kwa chembe za lithiamu kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kurudi, kila unapochaji na kutumia. Kila safari inaacha uchafu kidogo, na nafasi ya kuhifadhi chaji inapungua. Joto huharakisha uchakavu huo, na ikizidi kuchoka, kimiminika cha ndani huvunjika na kutoa gesi. Ndiyo ule uvimbe niliouona kwa mama. Sasa fikiria simu iliyofungwa kwenye usukani wa bodaboda jua la saa saba mchana pale Ubungo, inaonyesha ramani huku inachajiwa. Au simu inayolala kwenye chaja ya elfu tatu usiku kucha, umeme ukipanda na kushuka. Betri za kwetu zinaishi maisha magumu kuliko za Stockholm, halafu zimefungwa kwa gundi ile ile.

Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wakipunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka ili zisizime ghafla. Wenye simu waligundua kuwa wakibadilisha betri, kasi inarudi. Fikiria ni wangapi kabla ya hapo waliamini simu yao imezeeka na wakanunua nyingine, kumbe walihitaji kipuri cha dola chache. Baada ya makelele, kampuni ilishusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 Ufaransa iliwatoza faini ya yuro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Kisa hiki nakirudia kila ninapoambiwa kwamba watu hubadilisha simu kwa kupenda fasheni. Wengine ndiyo. Wengi hubadilisha kwa sababu ile ya zamani imewekewa mwisho wake.

Mwisho mwingine unatoka kwenye programu. Tangu Januari 1, 2025, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4 na zilizo chini yake. Kampuni ina haki ya kuachana na mifumo mikongwe, siwezi kuilaumu ibebe mzigo wa miaka yote. Lakini simu iliyobaki nayo shangazi kule shamba, kioo kizima, spika nzima, laini inashika, imegeuka kuwa kitochi kikubwa, na kundi la ukoo ambamo misiba na harusi hutangazwa limemfungia mlango. Aliyeiua ni yule aliyeiuza bila mpango wa kuisasisha.

Hapa ndipo ninapoona ukosefu wa haki mkubwa kuliko wowote katika teknolojia hii. Google kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, waliahidi masasisho ya miaka 7. Ahadi nzuri, na imewekwa kwenye simu za bei ya juu. Simu za bei ya chini, ndizo zilizojaa kwenye maduka yetu, nyingi hupata masasisho ya miaka michache, na nyingine boksi halisemi lolote. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kununua simu kila mwaka ndiye aliyepewa simu ya kudumu, na yule anayepaswa kukaa nayo miaka sita ndiye aliyepewa ya muda mfupi. Na humo ndani ya simu isiyosasishwa ndimo zilimo pesa zake, bila kinga dhidi ya mianya ambayo wezi wa mtandaoni tayari wanaijua.

Baada ya gundi na programu, kuna kufuli la tatu, jipya kuliko yote, na hili limezaliwa huku kwetu. Mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo: ulitanguliza kiasi kidogo, kisha shilingi 20 za Kenya kila siku, ukatembea na simu ya 4G. Kampuni nyingine zimefuata njia hiyo katika ukanda wote. Usipolipa, simu inajifunga yenyewe. Kufuli limewekwa ndani kabisa ya mfumo, hata ukifuta kila kitu linabaki.

Sitaki kuubeza mpango huu. Watu wengi ninaowafahamu wasingeshika simu janja hata leo bila mkopo wa namna hiyo, na benki ya kawaida isingewatazama usoni. Lakini nimeona pia upande wake wa pili. Jirani yangu mmoja wa Mbagala ni dereva wa bodaboda, anapata abiria kupitia programu ya kuita usafiri. Asubuhi moja alikuwa amelipa, meseji ya muamala anayo, lakini malipo yalichelewa kusomeka kwa kampuni iliyomkopesha. Simu ikajifunga akiwa njiani kumfuata abiria. Kioo kikawa na rangi moja na namba ya kupiga, na simu ya kupigia ndiyo hiyo iliyofungwa. Aliazima ya mwenzake kijiweni, akasubiri mpaka saa nane mchana ndipo ikafunguliwa. Siku ile hakuingiza kitu, na deni la siku iliyofuata lilikuwa pale pale.

Mkopeshaji wa zamani alikuja mlangoni ukamwona. Huyu wa sasa yumo mfukoni mwako, na ana mkono kwenye swichi. Nikiuangalia mkopo wa simu kwa macho ya sheria, naona mambo machache ambayo hayapaswi kuachwa kwa hiari ya kampuni: bei yote pamoja na riba iandikwe wazi kabla mtu hajaweka dole gumba, kufuli lisizuie kupiga simu za dharura wala kufikia pesa za mwenye simu, na siku ya malipo ya mwisho, programu ya kufuli iondoke kabisa, kwa maandishi. Simu uliyomaliza kulipa ambayo bado ina mlango wa mtu mwingine ndani yake, hujaimiliki.

Sasa tuitazame kesho wanayotuuzia.

Wanasema simu zitakunjika. Tayari zinakunjika: Samsung walianza kuuza yao mwaka 2019, na Septemba 2024 Huawei wakaleta inayokunjika vipande vitatu kwa yuani 19,999, fedha inayokaribia bei ya pikipiki mbili au tatu. Ni kazi ya ufundi ya kushangaza na sioni itamfikia nani huku. Wanasema pia simu itatoweka, nafasi yake ichukuliwe na miwani au kibandiko cha kifuani. Kibandiko tumekwisha kukiona. Kampuni ya Humane ya Marekani, iliyoanzishwa na watu waliotoka Apple, mwaka 2024 iliuza kifaa cha kubandika kwenye nguo kwa dola 699 pamoja na ada ya kila mwezi. Ukiuliza, akili bandia inajibu. Februari 2025 mali za kampuni hiyo zikanunuliwa na HP kwa dola milioni 116, na vifaa vyote vikazimwa mwishoni mwa mwezi huo huo. Aliyekuwa amenunua alibaki na kipande cha chuma, kwa sababu akili yake haikuwa ndani yake. Ilikuwa kwenye seva za watu. Kufuli lingine hilo, na safari hii ufunguo haupo kabisa.

Akili bandia ndani ya simu yenyewe ni jambo jingine, na hapa nina matumaini ya kweli. Tangu mwaka 2017 mtu ameweza kuamuru simu iandike Kiswahili kwa kuzungumza. Haikuwa nzuri sana mwanzoni, imekuwa ikipata nguvu. Mama yangu hana subira ya kuandika kwa vidole, macho yamepungua nguvu, na kwake sauti ndiyo kalamu. Simu itakayomsikiliza mzee wa Tukuyu, mwanamke wa Lamu na mchuuzi wa Lubumbashi kila mmoja kwa Kiswahili chake, ikafanya hivyo bila kula bando kwa sababu hesabu zote zinafanyika mkononi, hiyo nitaiita hatua kubwa baada ya M-Pesa. Asiyejua kusoma ataweza kuuliza bei ya mbolea. Asiyeona ataweza kusomewa risiti.

Ila akili hiyo ikae ndani inataka memori kubwa, na memori ndiyo inayopanda bei sasa. Kampuni zinazotengeneza sehemu kubwa ya memori duniani ni tatu tu, Samsung, SK Hynix na Micron, na viwanda vyao vimeelekea kuhudumia vituo vikubwa vya data vya akili bandia, vinavyolipa zaidi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2025 bei zimepanda kwa kasi. Mwenye kutengeneza simu ya bei kubwa anaweza kulimeza ongezeko hilo, lakini katika simu ya bei ya chini memori ni sehemu kubwa ya gharama, na haina pa kujificha. Kwa maneno mengine, simu yenye akili inazidi kumkimbia yule ambaye ingemsaidia zaidi. Nikiunganisha hilo na bei za mikopo niliyoitaja, naona sababu nyingine ya kudai simu tulizonazo zidumu: nyingine mpya ya bei ile ile huenda isije.

Na kuna deni ambalo halimo kwenye bei. Ndani ya simu nyingi kuna vijisehemu vidogo vya kutunza na kuachia umeme, vilivyotengenezwa kwa tantali, madini yanayotoka kwenye koltani. Machimbo ya Rubaya, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, hukadiriwa kutoa takribani asilimia 15 ya koltani yote ya dunia. Yanachimbwa kwa sururu na koleo, na tangu Aprili 2024 yamekuwa mikononi mwa waasi wa M23. Kule kusini mwa nchi hiyo hiyo, Kolwezi, ndiko inakotoka kobalti nyingi ya betri. Wanaochimba Rubaya na Kolwezi wanazungumza Kiswahili. Akiumia shimoni, mtu huyo anaita "mama" kwa neno lile lile ninalolitumia mimi. Siwezi kuitupa simu nzima kwa sababu ya gundi nikajifanya sijui imetoka wapi.

Inakokwenda nako tunakujua. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa. Nilimuuliza fundi wa Kariakoo betri mbovu anapeleka wapi. Akainua kitambaa chini ya meza: ndoo ya rangi, imejaa mchanga mpaka nusu, betri zimelala ndani kama mayai. Anaogopa zisije zikawaka. Baada ya hapo ndoo inakwenda wapi, hilo hana jibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuja kuichukua.

Wazungu wamekwisha kuliona tatizo na wametunga sheria. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya inayoingia soko la Umoja wa Ulaya lazima iwe na betri inayobaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800, vipuri vyake vipatikane kwa miaka 7 baada ya kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo kwa miaka isiyopungua 5. Kuna kampuni iliyofanya zaidi ya hapo kwa hiari yake: Fairphone ya Amsterdam, ambayo simu yake ya mwaka 2023 inafunguliwa kwa bisibisi moja ya kawaida, betri unaitoa kwa mkono, na imeahidiwa masasisho ya miaka 8. Kwa hiyo anayesema haiwezekani, inawezekana na ipo dukani.

Makampuni yanayotii sheria hiyo ya Ulaya, mengi ndiyo yanayotuuzia sisi. Swali ni kwa nini simu ya Dar es Salaam, Kampala na Bujumbura isiwe na masharti hayo. Nasikia jibu moja mara nyingi: soko letu ni dogo, tukiweka masharti watatukimbia. Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi 8, kutoka Mogadishu hadi Matadi, zenye watu zaidi ya milioni 300. Hilo si soko dogo. Wala hatuna sababu ya kusema mamlaka zetu hazina meno kwenye suala la simu. Mwaka 2012 Kenya ilizima simu bandia karibu milioni 1.9. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilifanya hivyo Tanzania, na kila mmoja wetu anakumbuka alivyobonyeza *#06# kuhakiki IMEI, namba ya utambulisho wa simu yake. Serikali inayoweza kuijua simu moja moja kwa IMEI na kuizima, inaweza pia kumwuliza aingizaye simu: vipuri viko wapi, masasisho ni ya miaka mingapi, na mbona boksi halisemi?

Tumejaribu njia ya kodi. Tanzania iliondoa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwenye simu janja mwaka 2021, na mwaka uliofuata msamaha ukafutwa kwa maelezo kwamba nafuu haikumfikia mnunuzi. Mimi ningeirudisha nafuu hiyo kwa masharti: simu inayokuja na vipuri, inayofunguka kwa bisibisi, yenye masasisho ya miaka 5 yaliyoandikwa kwenye boksi, hiyo ipate msamaha, isiyo na hayo ilipe asilimia 18 kamili. Tumejaribu pia kutengeneza wenyewe. Rwanda ilifungua kiwanda cha simu za Mara mwaka 2019, na Oktoba 2023 Kenya ikazindua kiwanda cha kuunganisha simu kule Athi River, kilichoanza na simu za Neon za kuanzia shilingi 7,499 za huko. Kiwanda kilicho karibu hivyo kina nafasi ambayo Shenzhen haina: kinaweza kumpelekea fundi wa Kariakoo au wa Mtaa wa Luthuli, Nairobi, kioo na betri halisi ndani ya siku mbili, na mchoro wa saketi juu yake. Kikiishia kuunganisha tu kilicholetwa kwenye makontena, nafasi hiyo itapita.

Na hao mafundi wenyewe tuwatazame upya. Hakuna darasa rasmi lililowafundisha wengi wao. Wamejifunza kwa kuharibu simu zao, kwa video za Wahindi na Wachina zisizo na tafsiri, kwa kukaa nyuma ya fundi mkubwa miezi sita wakikoroga chai na kushika pinseti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ingewapa cheti kwa ujuzi walionao, kama inavyofanya kwa mafundi wengine waliojifunzia kazini. Wakiwa na vipuri halali na michoro, nusu ya simu zinazolala makabatini mwetu zingeamka.

Nilipoirudisha simu nyumbani, mama aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo uliokuwa umeinuka. Nilimwambia kama anataka nimnunulie mpya, nitajikusanya. "Mwanangu, mpya ya nini? Hii naijua," akasema, akaenda moja kwa moja kwenye sauti alizoachiwa na marehemu baba, kuhakikisha bado zipo. Zilikuwepo.

Sikumweleza nilichokiona kabla simu haijafungwa. Fundi alikuwa amechukua kalamu ya wino mzito, akaandika tarehe ya siku ile juu ya betri mpya, kwa mwandiko mdogo uliosimama vizuri. Nikamuuliza ni ya nini, wakati itafunikwa na hakuna atakayeiona. Alikuwa tayari anapaka gundi. "Atakayeifungua tena ajue imekaa muda gani," alisema.